Deki ya Blu-ray yenye Wi-Fi: uzoefu wangu hapa Kampala

Deki ninayotumia nyumbani ni ya Blu-ray, yaani diski za filamu zenye nafasi kubwa kuliko DVD, iliyotumika Uingereza kabla ya kufika katika maduka ya Kampala, na muuzaji aliisifu zaidi kwa kuwa na Wi-Fi ndani yake. Sifa hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ya kupimwa kwa makini kabla mtu hajatoa fedha zake.

Kuiunganisha na mtandao hakukunisumbua, isipokuwa kuandika nywila kwa rimoti, herufi moja baada ya nyingine. Shida ni kwamba deki hii, kama nyingi za rika lake, hupokea Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Masafa hayo hupenya kuta za matofali vizuri, lakini katika nyumba za kupanga zilizobanana kama zetu, ruta za majirani hugombania chaneli zilezile, hivyo filamu ya mtandaoni hukwamakwama kila jioni. Nilipochomeka waya kutoka kwenye ruta, kukwama kuliisha. Mwenye ruta sebuleni hana haja ya kuhangaika na Wi-Fi.

Kuna pia suala la bando. Filamu ya HD kwenye Netflix, inayopatikana Uganda tangu Januari 2016, yaweza kumeza hadi gigabaiti 3 kwa saa, na data yenyewe hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Diski ya Blu-ray hubeba gigabaiti 25 au 50 na haidai bando lolote. Isitoshe, programu za filamu zilizomo ndani ya deki huzeeka upesi: moja kwangu haifunguki tena kwa sababu watengenezaji wameacha kuihudumia, ilhali lenzi ingali inasoma diski bila kusita.

Faida ya kweli nimeiona kwingine. Diski mpya huweza kukataliwa hadi programu endeshi ya deki isasishwe, na kazi hiyo naimaliza kwa mtandao wa simu yangu. Vilevile deki hucheza filamu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta chumbani kupitia ruta, bila kugusa bando. Hilo ndilo ninalolitumia zaidi.

Wanaonunua deki za kutoka Uingereza wajue jambo moja zaidi: diski na deki hufungiwa kanda, yaani sehemu ya dunia zinakouzwa. Kwa Blu-ray Uingereza na Uganda ziko kanda B, lakini kwa DVD Uingereza ni kanda 2 na Uganda ni kanda 5, kwa hiyo DVD iliyofungiwa kanda yetu hukataliwa, na kusasisha kupitia Wi-Fi hakujaniondolea kizuizi hicho.