Mkopo wa asilimia 10 Dodoma: dirisha moja la vijana, vizazi viwili ndani yake

Kwa unafuu wa gharama, ni vigumu kupata mkopo mjini Dodoma unaoushinda huu wa halmashauri. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba hakuna. Linganisha na mkopeshaji anayetoza asilimia 3.5 kwa mwezi: shilingi 1,000,000 kwa mwaka mmoja, riba ikipigwa kwenye mtaji wote, inarudi 1,420,000. Kausha damu, yule mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa kupindukia, hata tusimtaje.

Ugumu wa huduma hii uko kwenye umri. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Mikopo hii iliposimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kanuni mpya zilisogeza kikomo cha dirisha la vijana hadi miaka 45. Kwa majina yanayovuma mitandaoni, yaliyotungwa Marekani, wamo Milenia, waliozaliwa 1981 hadi 1996, na wamo Gen Z, waliozaliwa kuanzia 1997, wale ambao mtaani tunawaita watoto wa elfu mbili. Hapa Dodoma mpaka ulio na maana zaidi ni mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia. Aliyeanza kujitegemea kabla ya hapo alikuta viwanja na kodi za mji mdogo. Aliyemaliza kidato cha nne baadaye anapanga chumba kwa bei ya makao makuu, na ajira bado anaitafuta.

Kusogeza umri hadi 45 ni uamuzi wa haki. Watu wengi wanafika miaka 38 bila mtaji wowote wa maana, na kuwaambia muda wao umepita kungekuwa ukatili. Lakini uamuzi huo umewaweka kwenye foleni moja watu wasiolingana. Mwenye miaka 42 anakuja na leseni ya biashara, wateja na daftari la mauzo. Mwenye miaka 21 anakuja na namba ya NIDA na simu. Anayepima andiko la mradi anatafuta biashara inayotembea, kwa hiyo mdogo anabaki na njia mbili: akusanye wenzake na waanze biashara kwanza, au aingizwe kwenye kikundi cha wakubwa ili idadi itimie.

Njia hiyo ya pili ndiyo inayoumiza. Kikundi kinatakiwa kiwe na watu wasiopungua watano. Mwenye duka Kizota anajaza majina manne, andiko ni la duka lake, fedha zinaingia kwenye akaunti ya kikundi na kuishia kwenye rafu zake. Biashara ikiyumba, deni ni la wote watano. Kijana wa miaka 21 anaanza utu uzima akiwa na deni la bidhaa ambazo hakuwahi kuzishika. Kabla ya kusaini, fungua katiba ya kikundi utafute vitu vitatu: nani anasaini benki, faida inagawanywaje, na anayejitoa anaondokaje na deni lake. Kimoja kikikosekana, usisaini.

Utaratibu wenyewe si mgumu kama unavyosemwa. Kikundi kinaanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kinasajiliwa, kinafungua akaunti, kisha kinaomba kwa katiba, muhtasari wa kikao kilichokubali kukopa, andiko la mradi na vitambulisho vya wanachama. Jiji la Dodoma ni miongoni mwa halmashauri 10 zilizochaguliwa mwaka 2024 kujaribu kutoa mikopo hii kupitia benki, kwa hiyo jiandae kuulizwa maswali ya kibenki: mzunguko wa fedha, risiti, mauzo ya kila wiki. Wengi wanakwamia kwenye majina. NIDA inasema Mohamed, muhtasari unasema Mudi. Sahihisha hayo kwenye muhtasari mapema, maana jina moja tu linaweza kurudisha maombi ya wote. Wanafunzi wa vyuo wanakwama kwenye ukaazi: anayeondoka chuo kikifungwa atapataje barua ya serikali ya mtaa?

Andiko ndilo linaloamua kama mtalipa, na hapa Dodoma lazima lifuate mvua. Tuna msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Mkikopa mwezi Agosti kwa ajili ya kulima alizeti, marejesho yataanza kudaiwa shamba likiwa bado kavu. Zabibu ni mtego mkubwa zaidi: mzabibu mpya unachukua mwaka na nusu hadi miwili kabla ya kuzaa vizuri, hivyo mkopo wa kupanda shamba jipya haulipiki kwa marejesho ya kila mwezi. Wenye mizabibu inayozaa tayari, inayovunwa mara mbili kwa mwaka, wanaweza kukopa kwa ajili ya dawa, mbolea na usafiri.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kutaja kiasi. Pikipiki tano za 3,000,000 ni 15,000,000. Mkilipa kwa miezi 18 ni takribani 833,400 kwa mwezi, yaani 166,700 kwa kila mmoja. Kwa siku 26 za kazi ni kama 6,400 kwa siku, kabla ya mafuta, oili, tairi na bima. Na pikipiki moja ikiibwa, wanne wanabeba ya watano. Bima kubwa iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kwa vikundi vya wenye miaka 18 hadi 25, ushauri ni kuomba kiasi kidogo, kama 3,000,000, kwa biashara inayozungusha fedha kila wiki: chipsi, nafaka za rejareja, ushonaji wa sare. Mkirudisha kwa wakati, mkienda kuomba tena mna rekodi ya kuonyesha. Wenye miaka 30 hadi 45 ndio wanaofaidi zaidi, mradi kila mmoja awe na biashara yake hai.

Wanawake hawana kikomo cha juu cha umri, kwa hiyo mama wa miaka 58 ana nafasi kamili kwenye dirisha la wanawake. Mwenye ulemavu anaweza kuomba hata peke yake. Mwanaume wa miaka 46 asiye na ulemavu hana dirisha lolote hapa; kwake mahali pa kuanzia ni SACCOS au kikoba.