Cisco 2960 ya mtumba: miezi minane niko nayo Arua

Niliinunua Kampala, duka la ghorofani karibu na Old Taxi Park, kwa shilingi 380,000. Ni swichi, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa kebo, aina ya Catalyst 2960 yenye poti (matundu ya kebo) 24 za kawaida na mbili za gigabiti, zenye kasi zaidi. Mpya nisingeiweza. Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika sekondari moja hapa Arua, na pesa ya mtandao hutafutwa baada ya posho (unga wa mahindi) na maharage kulipwa. Muuzaji aliichomeka kwenye umeme, taa zikawaka, akasema, "Mwalimu, hii ni chuma." Nikapanda nayo basi la usiku, nimeipakata kama mtoto.

Chuma ni chuma kweli. Umeme ukatike mara tatu kwa siku, yenyewe inaamka tu, ingawa huchukua dakika kadhaa kabla ya kukubali kazi. Feni inavuma, kwa hiyo usiiweke chumba unachofundishia. Kebo ya konsoli, ile ya buluu ya kuunganisha laptop ili kupanga swichi, haikuja nayo. Tenga pesa ya kebo na ya adapta ya USB.

Kilichonikalisha maabara hadi usiku ni tranki, yaani kiungo kimoja kinachobeba mitandao kadhaa. Nilitaka kebo moja kati ya ofisi na maabara ibebe VLAN mbili (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi ile ile): 10 ya ofisi, 20 ya wanafunzi. Swichi ya ofisi ni 2960 pia. Taa za poti zote mbili kijani kabisa, lakini kompyuta za wanafunzi hazipati hata anwani ya IP. Nikabadilisha kebo. Nikabana vichwa upya. Nikamlaumu fundi aliyepitisha waya darini (Mungu anisamehe).

Halafu nikaandika amri ambayo ningepaswa kuanza nayo, ya kuonyesha tranki zilizopo: show interfaces trunk. Haikuleta kitu, hata mstari mmoja. Poti za 2960 huja zikiwa "dynamic auto", maana yake kila moja husubiri mwenzake aombe tranki. Mbili zikikutana, zinasubiriana kama wachumba wenye haya, na kebo inabaki kubeba VLAN 1 peke yake.

Kabla sijailazimisha tranki, nikachungulia orodha ya VLAN, na hapo jasho likanitoka. Swichi ilikuwa bado na VLAN za mwenyewe wa zamani, idara zake zote kwa majina. Muuzaji alifuta mipangilio, ila VLAN hukaa kwenye faili lingine, vlan.dat, ambalo halifutiki pamoja nayo. VTP ni njia ya swichi za domeni (kundi) moja kupashana orodha ya VLAN, na yenye namba kubwa ya marekebisho ndiyo hufuatwa. Amri ya show vtp status ikaonyesha jina la domeni na namba ya marekebisho 47. Swichi yangu ya ofisi ilikuwa sifuri, tena haina domeni. Tranki ingeshika siku ile ya kwanza, hii ya mtumba ingeimiminia ofisi orodha yake, VLAN 10 ingefutika, na poti za mhasibu zingezima katikati ya wiki ya kupokea karo. VTP hupita kwenye tranki tu. Kile kiburi cha poti nilichokilaani usiku kucha ndicho kilichoniokoa.

Nikafuta vlan.dat, nikaiwasha upya, nikaweka VTP kuwa transparent pande zote mbili ili kila swichi ibaki na orodha yake, kisha amri ya kulazimisha tranki, switchport mode trunk, huku na huku. Wanafunzi wakapata mtandao kabla sijamaliza chai.

Mwezi uliofuata nikaongeza VLAN 30 ya kamera. Kosa langu mwenyewe: niliandika switchport trunk allowed vlan 30, nikasahau neno "add". Bila neno hilo, orodha ya zamani ya VLAN zinazoruhusiwa kupita inatupwa, inabaki 30 pekee. Mtandao wa maabara ukakatika, na printa ya ofisi iliyoko huku nayo ikapotea. Simu ya mhasibu ilinifikia haraka kuliko ping, lile jaribio la kuona kama mtandao unajibu: "Mwalimu, umefanya nini tena?"

Kwa hiyo mashine naipa nyota nne. Moja nimeikatia feni. Duka nalipatia nyota mbili, maana kuuza swichi yenye VLAN za wengine ni kuuza mbuzi kwenye gunia. Maktaba inahitaji ya pili na nitarudi pale pale, bei zao ni nzuri, ila nitakwenda na laptop na kebo yangu ya buluu, na sitoi hela kabla sijaona show vtp status.