Uzoefu wangu: kumtengenezea mgeni mhusika wa kwanza wa Dungeons & Dragons

Karatasi ya mhusika ya Dungeons & Dragons ina visanduku vingi kuliko fomu ya kuomba pasipoti. Nimeona watu wazima wakiipokea, wakaigeuza nyuma, wakaigeuza tena mbele, halafu wakauliza kama nyumba hii haina karata tucheze arubasitini tu. Mimi ndiye mwendeshaji wa kikundi chetu hapa Dar, kwa hiyo kazi ya kumtoa mgeni kwenye karatasi tupu hadi kwenye mtu mwenye jina, upanga na madeni huniangukia mimi. Maoni yangu ni kwamba njia ya toleo la tano la mchezo huu ni nzuri, na inafaa kwa wageni, mradi usimwachie mgeni aifuate peke yake kwa mpangilio ule ule ulioandikwa.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu anaendesha mhusika wake, na jambo lenye mashaka linaamuliwa na dadu, hasa ile ya pande 20. Toleo la tano lilianza 2014, likafanyiwa marekebisho 2024. Sisi tulitumia kanuni za msingi za 2014, zile zilizotolewa bure mtandaoni, na karatasi tukaenda kuzichapisha steshenari. Dadu zilikuwa kwenye simu.

Hizo kanuni za bure zina jamii nne tu: binadamu, elfi (watu wa hadithini wenye masikio yaliyochongoka), mbilikimo na halflingi (vijitu vya hadithini, vifupi kuliko hata mbilikimo). Kazi nazo ni nne: mpiganaji, mnyemeleaji, kuhani na mchawi. Kitabu kikubwa cha wachezaji kina kazi 12, na wenye uzoefu watakwambia nne ni umaskini. Mimi naona ni nafuu kubwa. Mwekee mgeni 12 mezani uone kama mtaanza kucheza usiku huo.

Safari hii wageni walikuwa watatu: shemeji yangu, dada mmoja tunayefanya naye kazi, na mdogo wangu. Shemeji ni mtu wa bao, hapendi kabisa kitu kinachoitwa bahati. Nilipomweleza kwamba unaweza kurusha dadu nne za pande 6, ukatupa iliyo ndogo, ukajumlisha tatu zilizobaki, na kurudia hivyo kwa sifa zote sita, alinitazama kama nimemwambia aweke mshahara wake kwenye kamari. Akachukua alama zilizopangwa tayari: 15, 14, 13, 12, 10 na 8, unazigawa utakavyo kwenye nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Mdogo wangu yeye akarusha. Akapata 17 moja, akashangilia mpaka jirani akachungulia, halafu mwishoni ikaja 6.

Hapa nina msimamo. Wastani wa alama zilizopangwa ni 12 kamili. Wastani wa kurusha dadu nne na kutupa ndogo unazidi hapo kidogo tu, kama robo ya alama. Kwa hiyo anayepokea zilizopangwa hapotezi kitu cha maana, na anaepuka kukaa miezi na mhusika dhaifu pembeni ya mwenzake mwenye 17. Kwa wageni, wape zilizopangwa. Wanaopenda kurusha watarusha siku nyingine, mhusika hufa mapema tu katika mchezo huu.

Shemeji akachagua binadamu mpiganaji. Binadamu wa kawaida anaongeza 1 kwenye kila sifa, kwa hiyo nguvu zake zikawa 16. Ndipo tukafika mahali ambapo kila mgeni hukwama, na sijawahi kuona asiyekwama.

“Shemeji, sasa hii kumi na sita naijumlisha kwenye dadu?”

“Hapana shem, hiyo iache hapo hapo. Unajumlisha tatu.”

“Sasa kumi na sita ni ya nini?”

Swali zuri sana, na jibu la kweli ni kwamba si ya kitu kikubwa. Unachukua alama, unatoa 10, unagawa kwa 2, ukibaki na nusu unashuka chini. 16 inakupa nyongeza ya 3; 14 na 15 zote zinakupa 2; 9 inakupunguzia 1. Mezani unatumia hiyo nyongeza karibu kila mara, alama yenyewe imebaki kama urithi wa matoleo ya zamani. Karatasi inakupa kisanduku kikubwa na duara dogo chini yake kwa kila sifa. Nawaambia wageni waandike nyongeza kwenye kisanduku kikubwa kwa kalamu nzito, alama waifiche kwenye duara. Tangu nianze hivyo, maswali katikati ya vita yamepungua sana.

Baada ya hapo mpiganaji ni mteremko. Uhai wake ngazi ya kwanza ni 10 ukijumlisha nyongeza ya ustahimilivu, shemeji akapata 12. Deraya ya minyororo inampa kinga 16, ngao inaongeza 2, basi adui lazima afikishe 18 ili ampate. Kushambulia kwa upanga ni 3 za nguvu na 2 za umahiri (nyongeza ya kila mhusika anayeanza, kwa jambo alilolizoea), jumla 5 juu ya dadu ya pande 20. Alipoona namba zinaungana zenyewe, akaanza kukokotoa ya mwenzake bila kuombwa.

Dada wa kazini hakutaka namba kabisa. Alitaka kujua huyu mtu katokea wapi. Kwake nilirukia moja kwa moja sehemu ya historia ya mhusika, ambayo kwa mpangilio wa kanuni huja baada ya sifa, na nadhani kwa wageni wengi ingetangulia. Historia inakupa stadi mbili na inakuuliza tabia yako, unachokiamini, unachofungamana nacho na udhaifu wako. Kuna majedwali ya kurushia dadu ukikosa wazo. Yeye hakuyahitaji. Aliandika kwamba anadaiwa na mwenye jahazi mmoja na kwamba hawezi kupita karibu na mzigo ambao haujafungwa vizuri. Basi, mnyemeleaji huyo, halflingi, amekamilika kabla hata wepesi wake haujaandikwa. Na halflingi wana neema moja tamu: wakipata 1 kwenye dadu ya pande 20 katika shambulio, jaribio au kujinusuru, wanarusha tena.

Mchawi ndiye tatizo. Anaanza na aina tatu za uchawi mdogo wa kutumia wakati wowote, na kitabu chenye aina sita za ngazi ya kwanza, lakini anaweza kutumia nguvu hizo kubwa mara mbili tu kabla ya kupumzika. Mgeni anatakiwa achague hizo zote kutoka kwenye orodha ndefu ya Kiingereza kizito, huku wenzake wamemaliza wanakula karanga. Mdogo wangu, aliyemchagua mchawi, alisoma mpaka chai ikapoa. Ushauri wangu ni umchagulie: mishale ya uchawi isiyokosa shabaha, usingizi, na ile deraya isiyoonekana inayompa kinga 13 pamoja na wepesi wake. Hiyo ya mwisho si anasa, kwa sababu uhai wake unaanzia 6.

Jambo moja la kuangalia: msichanganye matoleo. Ndani ya marekebisho ya 2024, nyongeza za sifa zimetoka kwenye jamii ya mhusika zikahamia kwenye historia yake. Naipenda hiyo, inamfanya dada wa kazini awe sahihi tangu mwanzo. Lakini mmoja akisoma faili la 2014 na mwingine akiwa ametazama video ya 2024, mtagombana juu ya namba ambazo wote mko sahihi.

Lugha nayo bado ni kikwazo. Nilifasiri kwa mdomo usiku kucha. Habari njema ni kwamba tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni za toleo la tano iko chini ya leseni ya Creative Commons, ambapo yeyote anaruhusiwa kutafsiri, kuchapisha, hata kuuza, akitaja chanzo. Karatasi ya Kiswahili nimeshaanza kuichora, ikiwa na nyongeza kwenye kisanduku kikubwa na historia juu kabisa.

Ningependekeza? Ndiyo, kwa watu watatu au wanne na mwendeshaji mmoja mwenye subira. Jioni ya kwanza iwe ya wahusika tu, pambano liwe fupi mwishoni ili kila mtu arushe ile dadu kubwa kabla ya kuondoka. Mtu akitaka uchawi, mtumie orodha siku moja kabla.