Kipimo cha moyo cha kutembea kwenye mashine, Dodoma: maandalizi safi, ripoti bubu

Kliniki hii ya moyo mjini Dodoma inajua kuandaa mgonjwa. Kabla ya kupanda mashine unapimwa presha na sukari, kisha unaulizwa kama unatumia atenolol au bisoprolol. Dawa hizo huzuia mapigo yasipande, na daktari ndiye wa kuamua zisimamishwe au la. Mwenye kisukari abebe biskuti. Vaa raba (kandambili wanakurudisha nazo, na wana haki).

Kasi na mwinuko huongezwa kila dakika 3. Lengo ni asilimia 85 ya 220 kutoa umri: mwenye miaka 60 afikishe mapigo 136 kwa dakika.

Penye kasoro ni ripoti. Imeandikwa "hakuna tatizo", basi, bila kutaja mapigo yaliyofikiwa. Aliyeishia 110 kwa uchovu wa miguu hana jibu kamili, hata mchoro wa umeme wa moyo (ECG) uwe mzuri vipi. Presha ya miaka mingi nayo hunenepesha ukuta wa moyo, hivyo mstari wa mchoro unaweza kushuka milimita 1 au zaidi ilhali mishipa haijaziba. Hapo daktari huongeza kipimo cha picha. Na kwa mwenye kisukari, kutosikia maumivu ya kifua si ushahidi: neva zikiharibika, moyo hukosa damu kimyakimya.

Usitoke bila kuandikiwa dakika ulizotembea, mapigo na presha ya juu kabisa, na mapigo dakika 1 baada ya kusimama. Yakishuka 12 au pungufu, muulize daktari.

Nyota 3 kati ya 5.