Kenchi ya paa: kiungo kwa kiungo, au kwa mkato?
Wanafunzi wa ujenzi hapa Bukavu hubishana mara kwa mara kuhusu njia bora ya kutafuta nguvu zisizojulikana katika mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba paa. Kuchambua kila kiungo, yaani mahali mbao zinapokutana, hutumia milinganyo 2 tu, ya mlalo na ya wima, hivyo hueleweka upesi. Lakini kosa la kiungo cha kwanza husafiri hadi cha mwisho. Mkato, yaani kuikata kenchi kwa mawazo na kusawazisha nguvu za upande mmoja, hutoa milinganyo 3, na ukichukua momenti (athari ya nguvu ya kuzungusha) kwenye nukta ambapo nguvu 2 zisizojulikana hukutana, ya tatu hupatikana peke yake, jambo ambalo kwangu ni zuri mno. Anayechagua vipimo vya kila ubao achambue viungo. Anayehakiki ubao mmoja wa katikati, akate.