Kichujio cha kutenga maji kwenye mashine ya boti: uzoefu wangu, Kilindoni

Boti yangu ni ya fiba, mashine ya farasi arobaini, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli. Msimu wa potwe, yule papa mkubwa mpole, Oktoba mpaka Machi, napeleka wageni kuogelea nao hapa Mafia. Novemba mashine ikaanza kuniaibisha. Silensa, yaani ikinguruma bila kupewa moto, tulivu kabisa, hata kikombe cha chai hakimwagiki. Ukizungusha mkono kuipa moto, inakohoa mara mbili, kimya. Ukivuta kamba inawaka papo hapo, kisha mchezo uleule. Potwe yuko pale, wageni wameshavaa miwani, na mimi nahangaika na kamba.

Fundi akasema kabureta. Akaifungua, akaiosha, akapuliza jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli: elfu thelathini. Ikaenda vizuri siku mbili. Akaifungua tena, elfu thelathini nyingine. Simlaumu sana, maana kila alipoiosha ilipona kweli. Ila hakuna kati yetu aliyejiuliza uchafu unatoka wapi.

Mzee mmoja wa pwani hapa ndiye aliyeniambia, "Mwanangu, ikianza kukohoa, mtu abinye kile kibofu cha mpira cha mafuta." Tukatoka, nikaipa moto, kijana wangu akabinya. Mashine ikachukua! Akiacha, inalegea. Basi plagi hazina kosa, mafuta ndiyo hayafiki. Kufuatilia mpira, tukakuta ufa mwembamba pale unapoingia kwenye kiungio cha tangi: petroli haivuji, lakini hewa inaingia. Tukainamisha tangi, chini kabisa kuna maji, kama nusu kikombe, yanatembea chini ya petroli kama ute wa yai. Madumu yangu yalikuwa yanalala nje na vuli ilikuwa imeanza. Sina wa kumsingizia. Mashine ikiwa silensa inanywa kidogo, inavumilia. Ukiipa moto inavuta kwa nguvu, tone la maji linakaa kwenye jeti kubwa, inazima.

Mpira nilikata pale penye ufa nikaufunga upya. Kisha nikaagiza kichujio Dar, kile chenye bakuli la kuonea chini, elfu tisini na tano. Wiki ya kwanza nilimwaga maji ya vidole viwili. Petroli yenye oili ina rangi, maji hayana, kwa hiyo mstari unauona bila kuvaa miwani ya kusomea. Sasa kila asubuhi natazama bakuli kabla sijagusa kamba, na kabureta haijafunguliwa tena.

Kasoro zipo. Klipu za kubania mpira hazikuja nacho, ukikinunua nunua na klipu za chuma kisichoshika kutu. Kizibo cha kumwagia maji ni kidogo, mikono ikilowa kinateleza. Chujio la ndani la kubadilishia sikulipata kisiwani, lilivuka na boti ya Nyamisati. Tena unaongeza viungio viwili vipya, na kila kiungio ni mlango wa hewa: ukishafunga, binya kibofu mpaka kiwe kigumu. Kikikataa kuwa kigumu, usitoke bandarini.

Breketi yake ndiyo iliyoniudhi zaidi. Mwezi wa pili tangu nikifunge ilikuwa kutu tupu, nikaitupa. Kichujio nimekifunga ubaoni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na hakijatikisika tangu Januari.