Kubadilishiwa goti: uzoefu wangu na kukaa bila kula

Nimebadilishiwa goti la kulia katika hospitali moja hapa Dar es Salaam. Kuhusu goti lenyewe wameshaandika wengi. Mimi nataka kusifia walivyonielekeza habari ya kula na kunywa kabla ya upasuaji, ingawa nina malalamiko pia.

Nilizoea kusikia tu, "Ikifika usiku usitie kitu mdomoni." Huyu daktari wa usingizi alikuja kitandani jioni, akatazama ratiba, akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Naingia chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi, basi maji nanywa hadi saa kumi na mbili. Chakula chepesi mwisho saa nane usiku, na vya mafuta au nyama viwe vimeliwa mapema zaidi. Chai ya rangi inahesabiwa kama maji. Ukiitia maziwa, imeshakuwa chakula. Uji ndiyo kabisa, hata uwe mwepesi vipi.

Nikamuuliza, mbona nachomwa ganzi ya mgongo tu, silazwi usingizi? Akasema, "Mama, ganzi ikigoma tutakulaza, na tumbo likiwa limejaa chakula kinaweza kupanda kikaingia mapafuni." Nikanyamaza.

Dawa ya presha niliambiwa nimeze asubuhi na maji kidogo. Usiniige, kamuulize daktari wako, maana dawa nyingine, hasa za sukari, husimamishwa.

Sasa kasoro. Aliyenitangulia alichukua muda mrefu, nikasogezwa hadi mchana, na hakuna aliyekuja kuniambia kwamba naruhusiwa tena kunywa maji. Bibi wa kitanda cha jirani, mwenye kisukari, naye alisogezwa. Binti yake alimkataza hata maji tangu magharibi, eti ndiyo usalama. Akaanza kutetemeka, jasho likamtoka mpaka kanga ikalowa. Nesi akamtoboa kidole, sukari imeshuka, dripu ya glukosi ikatundikwa mbio mbio. "Bibi, si ungeniita?" Bibi akajibu kwa sauti ndogo kwamba hakutaka kusumbua watu.

Mimi upasuaji ulikwenda salama, sikutapika, na jioni nilishakunywa uji. Nawapa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa huko kusogezwa bila taarifa. Ukienda, ratiba ikibadilika tu, wewe au ndugu yako muulizeni nesi hapo hapo: maji mwisho saa ngapi sasa?